KLABU YA GOFU INAPOFUNGULIWA TENA: MFANYAKAZI AJUE NINI?

Klabu ya gofu ikifungwa kwa muda mrefu, watu wa namna mbili hubaki nje ya lango. Wa kwanza ni mwanachama wa klabu, aliyekwisha kulipa ada yake ya mwaka na anayetaka kucheza. Wa pili ni mfanyakazi: mkata nyasi, mpishi, mhudumu wa baa, mfagiaji, karani, mlinzi, na yule anayebeba mfuko wa mchezaji. Siku lango linapofunguliwa, tangazo la kamati huandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Humweleza saa za kucheza na namna ya kuweka nafasi. Yule wa pili mara nyingi hupata habari zake kwa kuambiwa na mwenzake njiani.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya yule wa pili.

Ndugu wengine watauliza: "Gofu ni mchezo wa wakubwa, sisi unatuhusu nini?" Unatuhusu kwa sababu uwanja wa gofu ni mahali pa kazi, kama kiwanda au shamba la chai. Uwanja wa mashimo 18 huchukua ekari mia moja na zaidi. Una mashine, dawa za nyasi, mabomba ya maji, jiko, baa na stoo. Iwe Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka au Blantyre, zipo familia zinazokula kutokana na viwanja hivyo, na wengi wa watu hao hawajawahi kushika fimbo ya gofu ila kwa kuifuta vumbi.

Tumechukua mfano wa England, ile sehemu iliyo kubwa kuliko zote za Uingereza, wakati wa ugonjwa wa korona. Huko klabu zilifungwa na kufunguliwa mara tatu katika muda wa mwaka mmoja hivi, tarehe zake zinajulikana, na habari ya mishahara iliwekwa katika kanuni ambazo kila mtu aliweza kuzisoma. Si kwamba kila jambo lilikwenda vizuri. Lakini yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda vibaya yote yanatufundisha.

TAREHE ZENYEWE

Jioni ya tarehe 23 Machi 2020 Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaambia watu wakae nyumbani. Kesho yake viwanja vya gofu vikafungwa. Vilikaa hivyo kwa siku 50, mpaka tarehe 13 Mei 2020. Wales ilifungua tarehe 18 Mei, Ireland ya Kaskazini tarehe 20 Mei, na Scotland tarehe 29 Mei.

Mwaka huo huo England ikafunga tena kuanzia tarehe 5 Novemba mpaka tarehe 2 Desemba. Kisha mara ya tatu, mwanzoni mwa Januari 2021 mpaka tarehe 29 Machi 2021, karibu majuma 12. Ukijumlisha vipindi vyote vitatu utapata majuma 23 hivi. Hiyo ni karibu nusu ya mwaka.

UWANJA HAULALI

Kiwanda kikifungwa, mashine hunyamaza. Uwanja wa gofu haufanyi hivyo, kwa sababu nyasi hazijui kwamba kuna amri ya serikali. Zinaendelea kuota.

Mahali penye shida kubwa ni grini, yaani pale palipozunguka shimo, ambapo mpira husukumwa polepole juu ya nyasi laini. Wakati wa kucheza, nyasi za grini hukatwa zibaki na urefu wa milimita 3 mpaka 5 tu. Zikiachwa majuma saba bila kukatwa huwa ndefu na nzito, magugu na ukungu huingia, na mtu akija kuzikata kwa pigo moja huzijeruhi. Watunza nyasi wana kanuni yao: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Basi nyasi zilizokuwa ndefu hurudishwa chini kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Grini iliyoharibika kabisa huhitaji kupandwa upya, na hiyo ni kazi ya miezi na fedha nyingi.

Kwa sababu hiyo serikali ya Uingereza ilikubali kwamba watunza uwanja wachache waendelee na kazi zile za lazima tu. Mwongozo waliopewa ulikuwa wazi. Grini zikatwe kadiri zilivyoota, na si zaidi ya mara tatu kwa juma. Urefu wake usishushwe chini kama wakati wa mashindano. Sehemu nyingine zikatwe mara moja kwa juma au pungufu. Kazi za urembo zisubiri.

Mwezi wa Mei 2020 ulikuwa mkavu kuliko Mei yoyote iliyowahi kupimwa katika England. Watu wale wachache walikuwa na kazi ya kumwagilia maji pia. Mwanachama aliyerudi tarehe 13 Mei akakuta nyasi za kijani alikuta jasho la watu wawili watatu waliofanya kazi ya watu wanane. Jambo hili lisisahauliwe kamati inapotoa shukrani zake.

MSHAHARA WAKATI LANGO LIMEFUNGWA

Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, kupitia shirikisho lao la TUC, vilishiriki katika mashauriano na serikali mwezi wa Machi 2020 juu ya wale ambao kazi zao zimesimama. Matokeo yake yalikuwa mpango wa likizo ya lazima yenye malipo. Serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyewekwa katika likizo hiyo, lakini isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango ulihesabiwa tangu tarehe 1 Machi 2020 na ukamalizika tarehe 30 Septemba 2021. Kwa jumla kazi zipatazo milioni 11.7 ziliwahi kuwekwa chini yake.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mhudumu aliyekuwa akipata pauni 1,500 kwa mwezi alipata pauni 1,200. Mwajiri aliweza kuongeza zile 300 akipenda, lakini hakulazimishwa. Hali kadhalika, bakshishi anazoacha mteja kwa hiari yake hazikuhesabiwa. Mhudumu wa baa ambaye bakshishi ndizo zilizokuwa zikimlipia nauli na chakula alipungukiwa kuliko ilivyoonekana katika karatasi.

Kulikuwa na sharti jingine lililoleta ugomvi mahali pengi. Mwanzoni, mtu aliyewekwa katika likizo hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri wake kazi yoyote, hata ya saa moja. Basi katika klabu moja utakuta mtunza uwanja mmoja yuko kazini kwa mshahara kamili, na mwenzake yuko nyumbani kwa asilimia 80. Nani aliyechagua? Kwa kipimo gani? Na mwajiri aliyemwita mtu wa likizo aje "kusaidia kidogo tu" alikuwa akivunja kanuni, huku akimfanyisha mtu kazi kwa fedha ya serikali. Kuanzia tarehe 1 Julai 2020 sharti hilo lililegezwa, ikawezekana mtu afanye kazi siku kadhaa na kulipwa likizo kwa siku zilizobaki.

Fundisho hapa ni hili: si mchango wa hisani wa mwanachama mmoja tajiri uliowafikisha watu wale siku ya kufungua. Ilikuwa kanuni iliyoandikwa, yenye asilimia, kiwango cha juu na tarehe.

KUFUNGUA SI KWA WOTE KWA SIKU MOJA

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Mtu akisikia "klabu imefunguliwa" hudhani kila mfanyakazi amerudi. Sivyo.

Tarehe 13 Mei 2020 kilichofunguliwa ni uwanja wa nyasi tu. Mtu aliruhusiwa kucheza na watu wa nyumbani kwake, au na mtu mmoja tu wa nyumba nyingine. Ilimpasa kuweka nafasi kabla ya kufika. Bendera ya shimo haikuguswa. Reki za kusawazishia mchanga ziliondolewa. Shimo lenyewe lilizibwa kidogo ndani, ili mpira utolewe bila mkono kuingia. Mchezaji alibadili viatu kwenye gari lake, akacheza, akaenda zake.

Kuanzia tarehe 1 Juni watu wanne waliweza kucheza pamoja. Duka la klabu lilingoja mpaka tarehe 15 Juni, maduka yaliporuhusiwa kufunguliwa. Baa na chumba cha chakula vilingoja mpaka tarehe 4 Julai.

Hesabu mwenyewe, ndugu. Kutoka 13 Mei mpaka 4 Julai ni siku 52. Mpishi na mhudumu wa baa walikaa nyumbani, baada ya uwanja kufunguliwa, siku nyingi kuliko zile siku 50 ambazo uwanja wenyewe ulifungwa. Wakati huo wote mwanachama alikuwa akicheza, magari yamejaa, na mtu anayepita barabarani anasema klabu ina kazi. Klabu inapofunguliwa kwa ngazi, basi mpango wa mishahara nao ufuate ngazi hizo, usikatwe siku mchezaji wa kwanza anapopiga mpira.

Tena zilizaliwa kazi mpya ambazo hazikuwamo katika barua ya kazi ya mtu yeyote. Alihitajika mtu wa kusimama penye mwanzo na kuangalia saa, ili makundi yasikutane. Alihitajika mtu wa kufuta kwa dawa vitasa na magari ya umeme. Alihitajika mtu wa kumwambia mwanachama mkubwa kwamba haruhusiwi kuingia. Kazi hii ya mwisho ni ngumu kuliko zote, kwa sababu karani mwenye mshahara mdogo anatakiwa kumzuia mtu ambaye kesho anakaa katika kamati inayomwajiri. Kazi kama hizi zikitokea, ziandikwe: ni za nani, kwa saa ngapi, kwa malipo gani, na nani atamtetea karani akilaumiwa.

MAJI YALIYOLALA KATIKA MABOMBA

Hatari ambayo haionekani kwa macho imo katika vyumba vya kuogea. Maji yakikaa majuma mengi ndani ya mabomba bila kutembea, kijidudu kiitwacho legionela huzaliana humo, hasa joto la maji likiwa kati ya digrii 20 na 45. Mtu hakipati kwa kunywa hivi hivi; hukipata kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, kama yale yanayotoka kwenye bomba la mvua. Matokeo yake ni homa kali ya mapafu, na huua.

Ugonjwa huu ulipata jina lake mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, baada ya mkutano wa askari wastaafu hotelini. Watu zaidi ya 180 waliugua, na karibu 30 wakafa.

Sasa, nani anayefungua bomba la kwanza siku klabu inapotayarishwa? Si mwanachama. Ni mfagiaji, anayetumwa asubuhi akaoshe vyumba. Yeye ndiye anayevuta hewa ile ya kwanza. Kwa hiyo mabomba yafunguliwe kwa utaratibu kabla ya siku ya kufungua, na mtu aliyefundishwa, maji yaachwe yapite bila kurusha matone, na vichwa vya mabomba ya mvua visafishwe. Maji ya moto katika tangi yafikishwe digrii 60. Penye mashaka maji yapimwe kwanza. Kazi hii si ya kumtuma mtu na ndoo na kumwambia "haraka, wageni wanakuja".

Mashine nazo zikaguliwe. Mashine ya kukatia nyasi iliyokaa miezi mitatu huweza kuwa na breki zilizoshika kutu, mafuta yaliyoharibika, au panya aliyetafuna nyaya. Gesi ya jiko ikaguliwe na fundi. Stoo ya dawa za nyasi ifunguliwe mlango kwa muda kabla mtu hajaingia, na chupa zilizopoteza karatasi za maelezo zisitumike.

HAKI YA KUSEMA "HAPANA, PANA HATARI"

Katika sheria ya kazi ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 44, mfanyakazi anayeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa kuamini hivyo kwa sababu za haki, hatakiwi kuadhibiwa. Mwanzoni kifungu hicho kiliwalinda waajiriwa tu. Kuanzia tarehe 31 Mei 2021 kikapanuliwa kiwafikie na wafanyakazi wengine, wakiwamo wengi wa vibarua. Hatua hiyo ilikuja baada ya chama kimoja cha wafanyakazi kushinda kesi katika Mahakama Kuu mwezi wa Novemba 2020.

Haki hiyo si ya Waingereza peke yao. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981, unasema jambo hilo hilo katika kifungu chake cha 13. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama wa ILO inapaswa kuiheshimu hata kama haijaitia sahihi. Nchi zetu nazo zina sheria za usalama kazini: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Zipo. Kazi yetu ni kuzisoma na kuzitumia.

MBEBA MFUKO, ASIYE NA TAJIRI

Katika England wachezaji wengi huvuta mifuko yao wenyewe kwa kigari. Kwetu mchezaji hufuatana na kedi, yaani mbeba mfuko, ambaye hubeba fimbo, hutafuta mpira, na mara nyingi huujua uwanja kuliko mwenye fimbo. Hapa ndipo mfano wa England unapofika mwisho, na sisi tunapaswa kufikiri wenyewe.

Kedi kwa kawaida hulipwa na mchezaji, kwa kila mzunguko. Klabu humpa namba, humwekea kanuni za mavazi na adabu, huweza kumfukuza, lakini haimwiti mfanyakazi wake. Jina lake halimo katika daftari la mishahara. Klabu ikifungwa, mtunza uwanja anaweza kudai notisi, likizo au nusu mshahara. Kedi adai kwa nani?

Hata England mpango ule wa asilimia 80 ulimfikia tu yule ambaye jina lake lilikuwa katika orodha ya mishahara iliyopelekwa kwa watu wa kodi. Waliojiajiri walitengenezewa mpango wa pembeni, na wale walioanza kazi zao karibuni, wasiokuwa na hesabu za kodi za miaka iliyopita, walikosa. Kwa hiyo jambo la kwanza lililomlinda mtu lilikuwa daftari. Aliyeandikwa alipata, asiyeandikwa aliachwa aombe.

Na lango likifunguliwa kwa masharti ya kutogusa vitu vya mwenzako, kedi hupata pigo la pili. Kazi yake yote ni kugusa mfuko, fimbo na mpira wa mtu mwingine. Mchezaji amerudi, nyasi zimekatwa, na yeye angali nje ya uzio.

Dawa yake haiwezi kusubiri ugonjwa mwingine. Kedi waandikishwe kwa majina. Wawe na mwakilishi wao katika tawi. Malipo ya chini ya mzunguko mmoja yakubaliwe na kubandikwa ukutani. Na kila mzunguko ukatiwe fungu dogo liingie katika mfuko wa akiba, unaosimamiwa na kedi wenyewe pamoja na chama, ili lango likifungwa pawe na kitu cha kugawana kwa haki.

FEDHA HURUDI UPESI, KAZI HURUDI POLEPOLE

Kamati nyingi za klabu ziliogopa kwamba wanachama watakimbia. Ikawa kinyume. Gofu ni mchezo wa nje, watu husimama mbalimbali, na wengi hawakuwa na burudani nyingine. Wachezaji waliongezeka sana katika Uingereza baada ya kufunguliwa mwaka 2020, na klabu nyingi zikapata wanachama wapya.

Hata hivyo, wako wafanyakazi wa baa na majiko ambao hawakuitwa tena. Kuanzia Agosti 2020 waajiri walitakiwa kuchangia sehemu ya gharama za likizo, wengine wakaona afadhali kupunguza watu. Wapo waliotaka hata kupiga hesabu ya malipo ya kuachishwa kwa kutumia ile asilimia 80 badala ya mshahara kamili. Serikali ikatoa kanuni, kuanzia tarehe 31 Julai 2020, kwamba malipo ya kisheria ya kuachishwa yahesabiwe kwa mshahara wa kawaida.

Kwa hiyo tawi lisikubali maneno ya "hatuna fedha" bila kuona hesabu. Liulize: ada za mwaka zilikusanywa kiasi gani wakati tumefungwa? Wanachama wapya ni wangapi? Nani anafanya kazi ya waliopunguzwa?

MASWALI YA KUPELEKA MEZANI

Kabla klabu, hoteli au mahali popote pa namna hiyo hapajafunguliwa, halmashauri ya tawi ipeleke maswali haya kwa mwajiri, kwa barua, na idai majibu kwa barua:

1. Nani anarudi siku ya kwanza, nani baadaye, na kwa kipimo gani?

2. Wasiorudi mara moja watalipwa nini, mpaka tarehe gani?

3. Miaka ya kazi ya mtu, likizo yake na akiba yake ya uzeeni vinahesabiwaje kwa muda wa kufungwa?

4. Mabomba ya maji, gesi, mashine na stoo ya dawa vimekaguliwa na nani, na karatasi za ukaguzi ziko wapi?

5. Kazi mpya ni zipi, na malipo yake ni yapi?

6. Vibarua na kedi wameandikwa katika daftari lipi?

7. Mfanyakazi akiona hatari aseme na nani, na ni ahadi gani kwamba hataadhibiwa?

Neno "mwanachama" lina maana mbili katika klabu. Mwanachama wa klabu hulipa ada ili lango lifunguliwe kwa ajili yake. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi hulipa ada ili lango likifungwa asiachwe peke yake, na likifunguliwa asiingizwe penye hatari. Wa kwanza ana kamati inayomwandikia tangazo. Wa pili naye awe na tawi linalokutana mapema, wakati kazi bado ipo, na kuyaandika mambo haya katika mapatano ya kazi.